Kulipia Haki ya Kulipa: Leseni za Viti vya Uwanjani Katika Mizani ya Fiqhi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake.



Somo la toleo hili ni la muamalati, na linahusu jambo ambalo jumuiya yetu italipigia kura katika mkutano mkuu ujao. Pendekezo lililo mezani ni hili: tujenge hosteli ya dada zetu kwa fedha za wahitimu na wazazi. Kila atakayetoa fungu lililotajwa atapewa haki ya kwanza ya kupangisha chumba kwa binti yake au ndugu yake. Kodi ya kila muhula ataendelea kuilipa kama wengine. Anachokinunua leo ni ile nafasi ya mbele tu.

Baadhi yetu wamesema hii ni kheri isiyo na mjadala. Wengine wamesema ni kuuza hewa. Mimi nimeona tusome kwanza kabla ya kunyoosha mikono. Nimechagua mfano wa mbali, wa chuo kikuu cha Marekani kilichoanzisha timu ya mpira kwa njia inayofanana na hii, kwa sababu mfumo huo kule una zaidi ya miaka 30 na matokeo yake yameonekana, mazuri na mabaya.

1. LESENI YA KITI NI NINI?

Mpira ninaouzungumzia ni futiboli ya Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Kule Marekani timu za vyuo vikuu zina mashabiki wengi mno, na kuanzisha timu mpya ni gharama kubwa: uwanja, makocha, vifaa, matibabu na ufadhili wa masomo ya wachezaji.

Njia moja ya kupata fedha hizo ni leseni ya kiti. Shabiki hulipa mara moja, na kwa malipo hayo hapati tiketi hata moja. Anachopata ni haki ya kununua tiketi za msimu za kiti fulani au eneo fulani, mwaka baada ya mwaka. Akiacha kununua tiketi, kwa kawaida leseni inampotea. Katika mikataba mingine anaruhusiwa kumuuzia mtu mwingine leseni hiyo au kuirithisha.

Tuchukue hesabu ya mfano. Leseni tuseme ni dola 1,000, na tiketi za msimu ni dola 200. Shabiki akikaa miaka 10 atakuwa ametoa dola 3,000. Dola 2,000 kati ya hizo zimemwonyesha mechi. Zile 1,000 za mwanzo hazikumwonyesha mechi yoyote. Zilimpa ruhusa ya kulipa zile nyingine. Swali la fiqhi limelala hapo: dola 1,000 zile zilinunua nini?

Msidhani jambo hili ni geni kwetu. Wengi wetu tuliokuja kusoma hapa Uganda kutoka Mombasa, Tanga, Bujumbura au Goma tunaijua pesa ya kubuki chumba. Unailipa kabla ya muhula, na hosteli nyingi haziirudishi ukibadili nia. Wafanyabiashara wa fremu za Kariakoo nao wana kilemba: fungu analotoa mpangaji ili apewe mlango, kisha kodi inafuata. Leseni ya kiti ni ndugu wa kilemba.

2. MFANO WA CHARLOTTE

Mji wa Charlotte, katika jimbo la North Carolina, una nafasi ya pekee katika habari hii. Mwaka 1993 watu waliokuwa wakiwania kuleta timu mpya ya kulipwa mjini hapo, Carolina Panthers, waliuza leseni za viti ili kusaidia kujenga uwanja. Mshauri wao wa masoko, Max Muhleman, hutajwa kuwa ndiye aliyeupa mfumo huu sura yake ya leo. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1996, na timu nyingine nyingi zikaiga.

Katika mji huohuo kipo Chuo Kikuu cha North Carolina tawi la Charlotte. Kilianza mwaka 1946 kama kituo cha masomo ya jioni kwa askari waliorudi kutoka Vita Vikuu vya Pili. Kwa miongo mingi hakikuwa na timu ya futiboli. Mwezi Novemba 2008 baraza la wadhamini wake lilipiga kura kuanzisha timu, na chuo kikaanza kuwauzia mashabiki leseni za viti ilhali hakukuwa na uwanja, kocha wala mchezaji. Mkuu wa michezo wakati huo alikuwa Bi. Judy Rose.

Tukumbuke kwamba mwaka 2008 uchumi wa Marekani ulikuwa unaporomoka. Ni wakati mgumu kumwomba mtu atoe fedha kwa ajili ya kiti ambacho hakijatengenezwa. Leseni hazikutosha kubeba mradi mzima. Mzigo mkubwa ulibebwa na mkopo pamoja na ada iliyoongezwa kwa wanafunzi. Mwaka 2013 Jerry Richardson, mmiliki wa Carolina Panthers, alitoa dola milioni 10, na uwanja ukapewa jina lake. Tarehe 31 Agosti 2013, katika uwanja wenye viti 15,314, timu hiyo ilicheza mechi yake ya kwanza na kuifunga Campbell 52 kwa 7.

Kwa hiyo fedha ziliingia kwa milango minne: leseni za mashabiki, mkopo, ada ya wanafunzi, na mchango wa tajiri mmoja. Tuishike picha hiyo, kwa sababu kila mlango una hukumu yake.

3. DOLA 1,000 ZILINUNUA NINI?

Katika madhehebu yetu ya Shafii, mauzo si lazima yawe ya kitu cha kushikika tu. Wanazuoni wa madhehebu wameingiza katika maana ya mauzo manufaa ya kudumu, na mfano wao maarufu ni haki ya kupita katika ardhi ya mtu. Kwa hiyo kusema tu kwamba "haki haiuzwi kwa sababu haishikiki" hakutoshi. Vilevile Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilikubali kwamba jina la biashara, haki ya mtunzi na haki ya mvumbuzi ni haki zenye thamani ya mali. Tunachotakiwa kuuliza ni haki ya aina gani inayouzwa. Naona sura tatu zinazogombania leseni hii.

Sura ya kwanza: hiari tupu. Katika masoko ya fedha mtu hulipa ili awe na hiari ya kununua hisa siku za mbele kwa bei iliyotajwa. Baraza lilijadili mikataba hiyo Jeddah mwaka 1992 na likaikataza, kwa hoja kwamba kinachouzwa si mali, si manufaa, wala si haki ya kifedha inayofaa kubadilishwa kwa fidia. Anayesema leseni ya kiti ni kuuza hewa anasimama hapa, na hoja yake ina uzito. Shabiki naye amenunua hiari ya kununua.

Sura ya pili: arabuni. Huu ni mfano wa pesa ya kubuki. Mnunuzi hutanguliza fungu. Akikamilisha linahesabiwa ndani ya bei, akijitoa linabaki kwa muuzaji. Wanazuoni walio wengi, na Shafii miongoni mwao, hawakuikubali. Imam Ahmad aliikubali, na Baraza likaipitisha katika kikao cha Brunei mwaka 1993 kwa sharti kwamba muda wa kusubiri utajwe. Lakini leseni ya kiti haiingii vizuri hapa, kwa sababu fungu lake halikatwi kutoka katika bei ya tiketi. Linabaki juu yake.

Sura ya tatu: kilemba, ambacho vitabu vya Kiarabu hukiita badal al-khuluw. Baraza lilikitolea azimio Jeddah mwezi Februari 1988. Lilisema mwenye nyumba na mpangaji wakikubaliana kwamba mpangaji atoe fungu la mara moja, zaidi ya kodi ya kila kipindi, inafaa, kwa sababu fungu hilo linahesabiwa kuwa sehemu ya kodi ya muda waliokubaliana. Mkataba ukivunjika, fungu hilo linafuata hukumu za kodi. Na mpangaji anaweza kumwachia mwingine nafasi yake kwa malipo, maadamu muda wake haujaisha. Muda ukiisha, hana tena cha kuuza.

Mimi naona sura hii ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na leseni ya kiti, kwa sababu shabiki anataka kukaa mahali fulani kwa muda fulani, na hayo ni manufaa halisi. Hata hivyo, kilemba kilichopitishwa na Baraza kina nguzo tatu: muda unajulikana, kodi inajulikana, na mkataba ukivunjika kuna hesabu ya kurejesha. Leseni ya kiti kwa kawaida haifungi bei ya tiketi za misimu ijayo. Mwenye uwanja anaweza kupandisha bei kesho, na shabiki hana njia ila kulipa au kupoteza alichotoa. Ukiondoa nguzo ya bei na ile ya muda, kilemba kinarudi nyuma na kuwa hiari tupu. Jina la mkataba halisaidii kitu hapo. Mtume (S.A.W.) amekataza mauzo yenye gharari, na gharari hii haiko pembeni mwa mkataba, iko katikati yake.

Je, kuuza kabla ya kujengwa? Shafii hawakubali kukodisha kitu maalumu kwa muda utakaoanza baadaye, lakini wanakubali kukodisha manufaa yaliyo katika dhima, yaliyoelezwa sifa zake wazi, kwa sharti malipo yatolewe palepale mkataba unapofungwa. Hata hivyo, kwa Shafii nyumba na ardhi hazikodishwi kwa njia ya dhima, kwa hiyo suala la jengo ambalo bado halijajengwa tuwaulize masheikh wetu. Kwa vyovyote vile, kinachobatilisha ni kutotaja kilichouzwa: chumba cha namna gani, kuanzia lini, mpaka lini, kwa kodi gani.

4. ZAWADI AU BIASHARA?

Kuna anayesema: tuiite sadaka, tumalize maneno. Wamarekani nao walipita njia hiyo. Hadi mwisho wa mwaka 2017, mtu aliyekichangia chuo na kupata kwa mchango huo haki ya kununua tiketi aliruhusiwa kuhesabu asilimia 80 ya fedha hizo kuwa mchango wa hisani katika hesabu za kodi ya mapato. Sheria mpya ikaiondoa ruhusa hiyo kuanzia 2018. Miaka yote hiyo serikali yao ilikuwa inajibu swali letu hili kwa namba: kwamba mchango wa namna hii ni sadaka kwa sehemu na ununuzi kwa sehemu.

Sisi tuna mizani iliyo wazi zaidi. Mtume (S.A.W.) aliwahimiza watu wanunue kisima cha Ruma pale Madina, na atakayekinunua ndoo yake iwe sawa na ndoo za Waislamu wengine, na akaahidi kheri ya Peponi. Uthman bin Affan (R.A.) akakinunua na kukitoa. Tazameni sharti lile: ndoo yake iwe kama ndoo za watu. Mnunuzi hakupewa foleni ya mbele. Atakayetoa fedha kwa hosteli kama waqfu na asidai nafasi ametoa katika njia ya Uthman. Atakayetoa ili binti yake atangulie amefanya biashara, na biashara ni halali ikitimiza masharti yake. Lisilofaa ni kuchanganya hizi mbili, mtu akalipishwa bei ya biashara kwa lugha ya sadaka, kisha akidai haki yake aambiwe "ulitoa kwa ajili ya Allah".

5. NANI ANABEBA HASARA?

Mwaka 1995 timu ya Raiders ilirudi Oakland, California, na matengenezo ya uwanja yakategemea kuuzwa kwa leseni za viti za miaka 10. Leseni hazikununuliwa kama ilivyotarajiwa, na deni likawaangukia walipa kodi wa mji na wilaya, wakiwemo wasiopenda mpira. Mwaka huohuo 1995 timu ya Rams ilihamia St. Louis, na mashabiki wakanunua leseni. Mwaka 2016 timu ikahamia Los Angeles. Wenye leseni wakabaki na haki ya kukaa katika uwanja usio na timu, na wakaenda mahakamani.

Charlotte hakukutokea maafa ya namna hiyo. Timu ipo na inacheza. Lakini lile jambo la ada linanigusa kama mwanafunzi. Mwenye leseni alichagua mwenyewe. Mwanafunzi aliyesoma uhasibu jioni baada ya kazi, asiyewahi kukanyaga uwanjani, alilipa ada ya futiboli kwa sababu ilikuwa ndani ya ada za chuo. Allah katika Suratun Nisaa, aya ya 29, anatukataza kuliana mali kwa batili, na anaruhusu biashara iliyo kwa kuridhiana. Pendekezo letu nalo lina sentensi moja fupi inayosema kwamba upungufu wowote "utafidiwa na michango ya wanachama". Naomba tuisome sentensi hiyo mara mbili. Mwanachama asiyehitaji hosteli, ambaye mchango wake wa muhula anaukata kwenye pesa ya chakula, atafidia nafasi ya mbele ya mtoto wa mwenye uwezo. Mtu huyo aulizwe kwanza.

Tusisahau mlango wa riba. Katika miaka ya Texas Stadium, uliofunguliwa 1971, mashabiki wa Dallas Cowboys waliotaka tiketi za msimu walitakiwa kwanza kununua hati za mkopo za uwanja. Kiti na mkopo vilifungwa pamoja. Hata pale ambapo leseni yenyewe haina riba, mara nyingi mapato yake hutumika kama dhamana ya kukopea benki. Kamati yetu ikikusanya nusu ya fedha kwa njia safi kisha ikakopa nusu ya pili kwa riba, hatutakuwa tumepona.

6. TUFANYEJE?

Mimi ni mwanafunzi na si mufti, na haya nimeyasoma ili tuyapeleke mbele ya masheikh wetu. Kwa niliyoyaona, pendekezo halistahili kutupwa, wala halistahili kupita lilivyo. Nashauri kabla ya kura liandikwe upya kwa masharti haya:

Kwanza, kuwe na mafungu mawili yenye daftari mbili. Fungu la waqfu, lisilompa mtoaji nafasi yoyote. Na fungu la kilemba, lenye mkataba wa upangaji.

Pili, kilemba kiwe na muda wenye mwanzo na mwisho, mfano miaka 4. Neno "milele" lifutwe.

Tatu, kodi ya muda wote huo itajwe katika mkataba. Ikiwa tunaogopa kupanda kwa bei, basi itajwe mapema kodi ya kila mwaka ni kiasi gani.

Nne, hosteli isipokamilika katika tarehe iliyoandikwa, fedha zirudi zote. Ikifungwa katikati ya muda, irudi sehemu ya miaka iliyobaki.

Tano, sentensi ya "kufidiwa na michango ya wanachama" iondolewe. Upungufu ukitokea, tujenge vyumba vichache.

Sita, sehemu ya vyumba itengwe kwa dada wasio na mtu wa kuwalipia kilemba. Bila hilo tutakuwa tumejenga nyumba kwa jina la jumuiya, na mlango wake unafunguliwa na wenye nacho peke yao.

Najua sharti la nne litawatia hofu wanakamati, kwa kuwa fedha za kurudishwa haziwezi kutumika ovyo. Hofu hiyo ni nzuri. Inamlazimisha msimamizi ajenge kwa kadiri ya mfuko wake.

MASWALI YA DARASA

1. Eleza tofauti kati ya kilemba, arabuni na hiari tupu. Pesa ya kubuki unayolipa wewe iko katika kundi gani?

2. Mtu amelipa kilemba cha miaka 4, binti yake akahitimu baada ya miaka 3. Je, anaweza kumwachia mwingine mwaka uliobaki kwa malipo? Kwa sharti gani?

3. Tajiri akitoa fedha nyingi na kuomba hosteli iitwe kwa jina lake, ametoa sadaka au amenunua jina? Jadilini kwa adabu.

4. Katika milango minne ya fedha za Charlotte, upi ungeukubali katika mradi wetu, upi ungeukataa, na kwa nini?

Darasa la Ijumaa baada ya Maghrib litapitia maswali haya. Kila mmoja aje na nakala ya pendekezo na kalamu.

Allah atujaalie riziki ya halali, atuepushe na kula haki za wenzetu, na aijaalie nyumba tutakayoijenga iwe ya kheri kwa dada zetu wote. Amin.

Wallahu a'lam.